Mfupa wa Mgeni

Katika nyumba ya Esperance, mgeni hapewi nyama bila kuoneshwa mfupa wake. Hata nyama ikiwa imepikwa mpaka inachambuka nyuzi nyuzi, hata mfupa ukiwa umeachana nayo na kutoka mweupe kama kijiko kilichooshwa, yeye huuokota na kuulaza juu ya sahani, upande anaoketi mgeni mkubwa. Hakujifunza hilo Amerika. Alifunzwa na baba yake kule Walungu, katika milima ya Kivu ya Kusini. Mwaka mmoja wa njaa, mzee huyo alilishwa mbwa akaambiwa ni mbuzi, na tangu siku hiyo akawa na msemo wake mwenyewe: "Mgeni asiyeoneshwa mfupa amelishwa hadithi."

Watu wa nyumbani hawaoneshwi. Wao hupewa nyama tu, wakala. Kwa nini umtolee ushahidi mtu wako?

Jolie hajawahi kuoneshwa mfupa hata siku moja.

Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini katika kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, walipika katika sufuria moja kwa miaka tisa. Usiku ambao Esperance alishikwa na uchungu na mkunga akachelewa kwa sababu ya mvua, ni Jolie, msichana wa miaka kumi na saba, aliyempokea mtoto kwa mikono yake na kumfunga kitovu kwa uzi wa kushonea. Mtoto huyo ni Bagula. Leo ana miaka ishirini na minne, anaendesha foklifti katika ghala moja la Louisville, na mama yake akimwuliza jambo kwa Kiswahili humjibu kwa Kiingereza. Baba yake walimzika kambini kabla mtoto hajafikisha mwaka.

Esperance alipopewa Amerika, alipewa Buffalo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa Kiitaliano, Bi Concetta, katika mtaa wa nyumba za mbao karibu na barabara ya Bailey. Watoto wa bibi huyo walikuwa wamehamia vitongojini zamani. Waitaliano wenzake walikuwa wamekwenda, mmoja kwa gari la kuhamia, mwingine kwa jeneza. Yeye alibaki na chungu chake cha umeme, kile cha kupika polepole, cha rangi ya maziwa chenye maua ya kahawia ubavuni. Kiingereza cha Esperance wakati huo kilikuwa cha maneno ishirini, na cha Bi Concetta hakikuzidi sana. Lakini Kiitaliano na Kifaransa ni ndugu wa baba mmoja, hata wakigombana wanaelewana, na wanawake hao wawili waligombana jikoni kwa miaka minne bila mkalimani.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kifuniko. Esperance alikuwa mtu wa moto wa kuni. Alitaka kufunua, kuonja, kukoroga. Bi Concetta alimpiga mkononi kwa mwiko. "Ukifunua, unaiba nusu saa!" Ndivyo alivyojifunza. Unachukua bega la nguruwe lenye mfupa wake, unalisugua chumvi, pilipili manga, vitunguu saumu vilivyopondwa, na mbegu za shamari ulizozikaanga kavu mpaka jikoni kukanukia kama duka la dawa. Chini unatandika vitunguu, juu unamimina nyanya za kopo, tawi la rozmari na glasi ya divai nyekundu. Unafunika. Unakwenda kazini, unarudi, bado hufunui. Saa kumi baadaye unaushika mfupa kwa vidole viwili na kuuvuta. Ukitoka wenyewe bila kubishana, nyama imeiva. Unaichambua kwa uma mbili na kuirudisha katika mchuzi wake. Bi Concetta aliila na mkate. Esperance aliila na bugali na sombe, kisamvu cha kwao, na bibi huyo alipoonja sombe alisema, kwa ishara ya mkono, kwamba sasa anaweza kufa.

Akafa kweli, mwaka uliofuata. Binti yake alimpa Esperance kile chungu. Akakifunga ndani ya blanketi, akamchukua Bagula, wakahamia Louisville, mahali ambapo theluji haimfiki mtu magotini, wakapanga nyumba Highview nyuma ya duka la matairi. Jolie wakati huo alikuwa amekwisha fika Columbus na kupata kazi ya usafi hospitalini. Alikaa Hilliard. Kila baada ya miezi miwili alishuka Louisville kwa gari lake, mwendo wa saa tatu na nusu, akala nyama ya Bi Concetta mpaka akafungua kifungo cha sketi, na akaondoka na kopo la aiskrimu lililojazwa nyama, limeandikwa J kwa kalamu nyeusi. Esperance alilijaza kopo hilo kabla ya kupakua kwa mtu mwingine yeyote. Hata Bagula alingoja.

Kwa hiyo Bagula alipompenda Gentille, msichana wa Columbus anayesomea unesi, hakuna aliyeuliza nani awe mshenga. Jolie alikuwa akiishi dakika kumi kutoka kwa wazazi wa msichana. Yeye ndiye aliyempokea kijana duniani, acha na ndoa aipokee.

Jambo moja tu lilimtia Esperance wasiwasi. Ukoo wa Gentille ulikuwa wa Wasabato. Alipiga simu.

"Jolie, hawa batu si hawakuli nguruwe?"

Jolie akasema kuna mtu mlangoni, atajibu baadaye. Jibu lilikuja kwa sauti, katika WhatsApp, na Esperance alilisikiliza mara mbili akiwa kwenye zamu yake kwa mgonjwa, na jioni akamsikilizisha Bagula.

"Dada, usiogope. Habari ya nguruwe ile ilikuwa ya zamani, ya kule kwetu. Hawa ba hapa banakula. Donc, leta ile yako ya kiitaliano, leta mingi. Mama Gentille mwenyewe njo anaiomba. Ila divai, dada, divai usitie. Divai hapana."

Esperance aliguswa. Tazama jinsi Jolie anavyofikiria kila kitu, alijiambia. Aliacha divai, akatia siki ya zabibu vijiko viwili na sukari kidogo ya kuituliza. Jumamosi asubuhi aliwasha chungu, jioni akauvuta mfupa, ukatoka bila kubishana. Akaijaza nyama na mchuzi wake ndani ya chungu, mfupa juu yake, na akalijaza kopo la J akaliweka kwenye friza, kama siku zote. Jumapili, kabla ya jua kupanda, chungu kilikaa kiti cha nyuma cha gari la Bagula, kimefungwa kifuniko kwa kitenge, kimevishwa mkanda wa usalama.

"Umekifunga kuliko unavyonifunga mimi," Bagula alisema kwa Kiingereza.

"Wewe ukimwagika utajizoa," mama yake akamjibu.

Walipitia kwanza Hilliard kuipasha moto nyama. Kaka yake Esperance, Jean-Baptiste, alikuwa amekwisha fika kutoka Buffalo kuwa mzee wa upande wa mume, na alikuwa amelala kwenye kochi na tai shingoni. Jolie alikuwa amevaa vizuri kupita kiasi. Alizunguka jikoni kama mtu aliyepoteza funguo. Nyama ilipoanza kutoa mvuke, Esperance alikwenda kunawa uso. Aliporudi, mfupa haukuwa juu ya nyama.

"Mfupa uko wapi?"

"Ule? Nimeutupa, dada. Bon, batu wa hapa hawapendi mifupa, banaogopa meno yabo."

Esperance alicheka. Alifunua pipa la taka, na kwa bahati ulikuwa umelala juu ya karatasi safi ya mkate. Aliuosha kwa maji ya moto, akaukausha, akaurudisha. "We nawe! Umekuwa Mmarekani mpaka kwenye pipa? Unajua mfupa huu ni wa nani."

"Ni wa mgeni," Jolie alisema polepole.

"Basi. Leo kuna mgeni."

Jolie aliushika mkono wake, akafungua mdomo. Esperance baadaye alikumbuka mdomo ule ulivyofunguka. Kisha Jean-Baptiste akaamka na kuuliza kama watu wanaenda kuposa au kupiga usingizi, na mdomo ukafungwa.

Kwa wazazi wa Gentille walipokelewa kwa wimbo. Sebule ilikuwa imejaa viti vya kukunja, shangazi wamefunga vilemba, na katika kiti kikubwa karibu na dirisha aliketi babu wa msichana, Mzee Zihindula, mtu wa miaka themanini na mbili, na fimbo kati ya magoti. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Jolie alikuwa amewaambia hivyo: mzee akikubali, wote wamekubali, na mzee akikataa, msichana hatamkaidi, amelelewa mgongoni mwake. Esperance alijua kwa hiyo kwamba mtoto wake wa pekee alikuwa amewekwa mkononi mwa mzee mmoja, na kwamba yeye, mama, alikuja kupimwa. Hana mume wa kumtanguliza. Hana ukoo mkubwa. Ana kaka mmoja, chungu kimoja na jina lake.

Maneno ya utangulizi yalikwenda vizuri. Jean-Baptiste alisema wameona ua katika bustani ya watu. Shangazi mmoja akajibu kwamba bustani ina mbwa mkali. Watu wakacheka. Chakula kikaletwa.

Mama Gentille alikuwa wa kwanza kuonja. Akafumba macho. "Njo hii! Njo ile ile tulionja kwa Jolie! Mama Bagula, mikono yako ibarikiwe."

Esperance alisikia joto likimpanda kifuani. Aliwaona wakiongeza. Aliona shangazi mwenye kilemba cha njano akirudi mara ya pili, sahani ikiwa haina nafasi ya wali. Hakumwona Jolie akila nyama. Alikuwa pembeni karibu na mlango, na wali mweupe.

Mzee Zihindula alikuwa amekula vijiko vitatu au vinne, polepole, kwa meno ya bandia. Kisha akauchukua ule mfupa uliolazwa upande wake. Akaugeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Kabla ya vita, kabla ya wokovu, alikuwa mchinjaji katika soko la Mugogo.

"Mama Bagula," alisema kwa upole, "hii nyama ni ya nini?"

"Ya nguruwe, baba," Esperance alijibu, kwa fahari. "Ni bega."

Mtu aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna. Uma ulianguka. Mama Gentille alisimama na kitambaa mdomoni akakimbilia bafuni, na kila mtu alisikia mlango. Shangazi wa kilemba cha njano alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Na mi niliongeza!"

"Jolie alisema ni ng'ombe!" Gentille alisema. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na jagi la maji. "Tante Jolie, si ulisema ni ng'ombe? Siku ile kwako? Mama aliomba ile nyama ya ng'ombe."

Esperance alimgeukia Jolie akiwa bado hajaelewa. Alidhani Jolie atacheka, atasema jambo, atalinyoosha. Ndivyo Jolie alivyokuwa. Kambini ni yeye aliyenyoosha mambo na askari, na wenye foleni, na watu wa maji.

Jolie alikuwa ameweka sahani yake sakafuni.

"Dada," alisema, na hakumtazama, "we njo uliniambia ni ng'ombe."

Kuna maneno ambayo mtu anayasikia kwa mgongo kwanza, kabla ya masikio. Esperance alihisi mgongo wake ukipoa. Sebule yote sasa ilimtazama yeye: mwanamke wa Louisville aliyekuja kuomba binti wa watu na kuwalisha najisi kwa jina lingine. Bagula alikuwa tayari amesimama. Alikuwa na simu ya mama yake mkononi, alikuwa ameitoa kwenye mkoba, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alizungumza naye kwa Kiswahili.

"Mama, iko humu. Sauti yake iko humu. Acha basikie."

Ilikuwa humo. Kidole kimoja tu, na sauti ya Jolie ingejaza sebule ile: banakula, usiogope, leta mingi. Esperance aliitazama simu. Akamtazama Jolie, vidole vyake vilivyosokotana mapajani, vidole vile vile vilivyoshika uzi.

"Weka chini, mwanangu," alisema. "Ana mdomo. Atasema mwenyewe."

Wakangoja. Friji ililia jikoni, ikanyamaza. Jolie aliangalia zulia. Alikuwa na nafasi ndefu ya kutosha mtu kusema neno moja, hata mawili, na akaiacha ipite yote.

Aliyesema ni mzee. Bado alikuwa na mfupa mkononi.

"Mimi nimechinja ng'ombe miaka ishirini," alisema. "Mfupa wa bega wa ng'ombe ni mpana kama kafi. Huu ni kiganja cha mtoto. Hata kipofu angejua. Sasa, mutu anataka kunilisha nguruwe kwa jina la ng'ombe, atatupa nini kwanza? Atatupa mfupa. Huyu mama ameutoa Louisville mpaka hapa, akanitandikia mbele ya macho. Mwizi habebi kitu alichoiba akamwekea mwenyewe mezani." Aliulaza mfupa juu ya sahani, kwa uangalifu. "Nguruwe tutatubu, Mungu haendi mbali. Lakini uongo haukuja na chungu. Uongo tuliukuta hapa hapa Columbus."

Hakumtaja mtu. Watu wenyewe waligeuza vichwa, mmoja mmoja, kuelekea mlango.

Jolie alitoka nje bila koti lake.

Mambo ya ng'ombe wa mahari, mzee alisema, yatazungumzwa mwezi ujao. Mama Bagula arudi, na safari hiyo watampikia wao. "Mshenga mutafute mwingine," aliongeza, na Jean-Baptiste akainamisha kichwa akasema ndiyo.

Jolie alikuwa amesimama karibu na gari la Bagula. Upepo wa Novemba ulikuwa ukimpiga blauzi. Esperance alifika na chungu mikononi, kizito bado, nusu yake haikuguswa. Hakukiweka chini.

"Ningefanya nini, dada? Balikuja kwangu gafula, kopo lako likiwa mezani. Mama Gentille akaonja, akauliza. Mi niko mmoja wao sasa. Nimebatizwa miaka mbili."

"Miaka miwili?"

"Ningesema ni nguruwe, wangenitazama aje? Nikasema ng'ombe. Kisha wakaiomba kwa sherehe. Nilijaribu kutupa ule mfupa—"

"Miaka miwili umekula kwangu," Esperance alisema. "Kila ukija. Umekula ukalamba vidole."

"Niliogopa ungeniona nimekuacha." Jolie alikuwa analia sasa. "Nilikula kwa sababu yako. Nikirudi huku, natubu."

Uongo wa sebuleni Esperance alikuwa amekwisha anza kuutafutia mahali pa kuuweka. Mtu akibanwa husema lolote. Lakini hili lilikuwa jingine. Aliziona zile safari zote, saa tatu na nusu kwenda, saa tatu na nusu kurudi, na mwisho wa kila safari Jolie akipiga magoti kando ya kitanda chake Hilliard, akimwomba Mungu amwondolee unajisi wa meza ya Esperance. Alikuwa akifungua kifungo cha sketi, akicheka, na moyoni akihesabu dhambi.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekupikia kuku."

Bagula alimpokea mama yake chungu, akakifunga mkanda kiti cha nyuma.

Mwezi uliofuata walirudi, wakala samaki na maharage kwa akina Gentille, na ng'ombe wakakubaliwa. Mzee Zihindula alimtania Esperance mbele ya wote, akamwuliza kama ameridhika na miiba ya samaki huyo au aletewe na kichwa. Mshenga alikuwa mke wa Jean-Baptiste. Kiti cha karibu na mlango alikikalia mtu mwingine.

Lile kopo la J lilikaa kwenye friza mpaka barafu ikafuta herufi. Siku moja baada ya zamu Esperance alilitoa, akaliyeyusha, akampakulia Bagula. Kijana aliangalia kopo, akamwangalia mama yake.

"Si ni ya Tante Jolie?"

"Kula."

Akala. Esperance alionja kidogo. Divai ilikuwa imekosekana kweli, na alishangaa kwamba siku ile hakuna aliyeona.

Ujumbe wa Jolie ulikuja wiki ya Krismasi, wa maandishi, si wa sauti. Aliuliza kama anaweza kushuka Louisville Jumapili. Esperance aliuacha siku mbili. Aliusoma asubuhi kwa mgonjwa, akausoma kwenye foleni ya duka, mbele yake mabega ya nguruwe yakiwa yamepangwa kwenye barafu. Aliyapita, akachukua kuku mzima. Kisha akasimama kando ya mkokoteni wake na kuandika kwa kidole kimoja, polepole, kama alivyoandika kila kitu:

"Kuja. Nitapika kuku. Mifupa nitaiweka upande wako."